Umekosea, au Umenikosea?

Simu ikiingia kimakosa tunajibu bila hasira: "Samahani, umekosea namba." Mtu anakata, maisha yanaendelea. Je, mpenzi msomaji, mwenzi wako akikosea nako mambo huisha kirahisi hivyo?

Mimi nilijifunza Kilwa Kivinje, nyumbani kwa shangazi yangu. Ilikuwa arobaini ya marehemu mama. Mume wangu anafanya kazi Lindi mjini, na aliahidi kufika Ijumaa. Ndugu waliopanda basi kutoka Lindi walishuka Nangurukuru, wakafika wote. Yeye hayupo, na simu haipatikani. Dua ikasomwa, pilau likaliwa, majirani wakawa wananiuliza, "Bwana yuko wapi?" Usiku ikaingia meseji: "Samahani mke wangu, nimekosea siku. Nilidhani ni kesho."

Jamani, nililia. Kesho yake akaja na samaki mkononi, anatabasamu, kwake yeye yamekwisha. Sikumsemesha hadi jioni.

Shangazi akatuita barazani. "Mwanangu," akamwambia, "siku umeikosea, sawa, nani hakosei? Lakini mkeo naye umemkosea. Mbona umejieleza habari za siku tu, yeye hujamwomba radhi?" Kisha akanigeukia mimi: "Na wewe, kununa kutwa nzima, atajuaje kinachokuuma? Mwambie."

Nikamwambia: "Jana nilikutafuta kwa macho mlangoni, nikakukosa."

Hebu tazama neno letu hili lilivyo na watoto wengi. Kukosa ni kufanya kosa, lakini pia ni kutokuwa na kitu, au kutompata uliyemtafuta. Ukikosea njia, hesabu au namba, unasahihisha na kuendelea na safari. Ukimkosea mtu, kusahihisha peke yake hakutoshi, kwa sababu hapo kuna aliyeumia. Tofauti ya "umekosea" na "umenikosea" ni silabi moja tu, "ni", na ndani ya hiyo "ni" ndimo nilimokuwa mimi siku ile. Wapo pia wanaokosoa, yaani kazi yao kuonyesha kasoro za mwenzao, tena mbele ya wageni. Na wawili wakikoseana bila kuambizana, mwisho wake ni kukosana.

Mume wangu alinyamaza kidogo. Halafu akasema taratibu, "Nimekukosea." Hakuongeza "lakini", wala hakutaja kazi wala kalenda. Moyo wangu ukatulia. Nami nikamwomba radhi kwa kumnunia, kisha tukaingia jikoni kupaka wale samaki nazi.

Basi nawe, kabla ya kutuma ile meseji ya "sorry, nimekosea", jiulize kwanza: nimekosea kitu, au nimemkosea mtu? Kama ni mtu, mtaje.