Istilahi za Tiba ya Mzizi wa Jino: Kusafisha, Kupanua na Kuunda

Mfasiri anayekabidhiwa maelezo ya tiba ya mizizi ya meno hukutana na vitenzi vitatu vinavyokaribiana: kusafisha, kupanua na kuunda mfereji. Akivichanganya, mgonjwa aweza kudhani kwamba jino lake litachimbwa mpaka libaki ganda tupu, akaona heri ling'olewe. Kwa kuwa istilahi haipangiki sawasawa kabla jambo lenyewe halijaeleweka, twaanza na jambo lenyewe.

Chini ya enameli pana dentini, nayo ndiyo sehemu kubwa ya jino. Ndani yake mna uwazi wenye kiini laini, chenye neva na mishipa ya damu. Uwazi huo huteremka katika mzizi kwa njia nyembamba tuiitayo mfereji wa mzizi. Kiini kikioza, daktari hutoboa kichwa cha jino, hukitoa kiini, huosha mfereji kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha huuziba.

Kusafisha, basi, ni kuondoa uchafu na vijidudu. Kupanua ni kuongeza kipenyo cha mfereji kwa tupa, ili dawa ifike karibu na ncha ya mzizi. Kuunda ni kuupa mfereji umbo linalochongoka kuelekea nchani, ili uzibike vema.

Hapa twahitaji neno mchongoko, yaani kiasi ambacho kipenyo cha tupa huongezeka kutoka nchani kwenda juu. Tupa ya mkono ya kawaida ina mchongoko wa asilimia 2: kipenyo huongezeka milimita 0.02 kwa kila milimita moja ya urefu. Tupa nyingi zinazozungushwa kwa mashine zina asilimia 4 au 6. Tuchukue tupa mbili zenye ncha ya milimita 0.25. Milimita 10 juu ya ncha, ile ya asilimia 2 ina kipenyo cha milimita 0.45, na ile ya asilimia 6 ina milimita 0.85. Mfereji ukiwa mwembamba, tofauti hiyo hulipwa na dentini. Ikipungua mno shingoni mwa jino, ambapo nguvu ya kutafuna hukusanyika, mzizi huwa mwepesi kupasuka.

Chombo nacho kina athari yake. Tupa nene ya chuma cha pua, ikiingia katika mfereji uliopinda, hutaka kunyoka, na hivyo hukwangua upande mmoja kuliko mwingine. Mwaka 1988 Walia na wenzake walieleza tupa za nikeli na titani, ambazo hufuata pindo kwa urahisi zaidi. Hata hivyo, tupa inayopinda haimruhusu mtu kupanua kupita haja.

Je, tiba yenyewe hudhoofisha jino kwa kadiri gani? Mwaka 1989 Reeh, Messer na Douglas walipima meno yaliyokwisha kung'olewa. Tiba ya mfereji ilipunguza ukakamavu wa jino kwa asilimia 5 tu. Tundu lililochongwa juu ya jino, kwa asilimia 20. Na tundu lililokata kingo zote mbili za pembeni, kwa asilimia 63. Hasara kubwa, basi, hutokana na kupotea kwa kuta za jino.

Kwa sababu hiyo twapendekeza mambo mawili. Kwanza, ukakamavu (kutokubali kupinda), uimara (kustahimili mzigo bila kuvunjika) na ugumu (kutokwaruzika) visitumiwe kama visawe. Pili, maneno "jino lililokufa" yaepukwe, na badala yake pasemwe jino lisilo na kiini. Jino hilo bado limeshikwa na nyuzi hai katika taya, na likihifadhiwa kuta zake, na gego likavikwa taji inapobidi, laweza kumtumikia mwenyewe miaka mingi. Mwalimu au mfasiri asemaye "limekufa" amekwisha kumshauri mgonjwa aling'oe, ingawa hakukusudia.