Upelelezi katika Duka la Biskuti

Juzi nilimfumania mwanafunzi wangu akisoma riwaya aliyoificha chini ya deski. Aliniomba radhi mithili ya mtu aliyeshikwa akiiba. Ilikuwa Chocolate Chip Cookie Murder ya Joanne Fluke, mwandishi wa Marekani, iliyotoka mwaka wa 2000. Mpelelezi wake, Hannah Swensen, ni mwoka biskuti katika mji mdogo wa kubuni jimboni Minnesota. Mwuza maziwa anauawa kwa risasi nyuma ya duka lake. Hata mapishi ya biskuti yamechapishwa mumo humo.

Najua baadhi ya walimu watasema huo ni upuuzi. Mimi, ambaye kazi yangu ni lugha, sikubaliani nao. Silaha ya Hannah ni sikio. Dukani hupita kila mtu, na mwenye kula kitamu hulegeza ulimi. Basi yeye hupima kauli: nani kasema nini, nani kakwepa swali, nani kajua jambo kabla ya kuambiwa. Je, huo si ndio ufahamu tunaouhangaikia madarasani?

Wala fani hii si ngeni kwetu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alikwisha kutupa Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale.

Walimu wenzangu, tusiwapokonye vijana riwaya pendwa. Asiyeonja utamu wa kusoma atakimeza kitabu cha mtihani kama dawa chungu, kisha akisahau. Mwanafunzi yule nilimrudishia riwaya yake kwa sharti moja: anieleze alianza kumshuku nani, na kwa kauli ipi.