Kasiba na Risasi Yake

Katika vijiji vinavyoizunguka Dumila, pale barabara iendayo Kilosa na Mikumi inapoachana na barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, silaha ambayo watu wengi wamepata kuiona kwa karibu ni gobore, ambalo mhunzi wa huko huko aliliunda kwa bomba la chuma, na ambalo mwenye shamba hukesha nalo wakati mahindi yanapokomaa ili nguruwe pori wasije wakamfilisi. Gobore halibagui: hushindiliwa baruti mdomoni, kisha marisau au vipande vya chuma, na madhali kitu chaweza kupita katika mdomo ule, basi hupokelewa. Mtu aliyekulia mbele ya silaha ya namna hiyo hawezi kulaumiwa akidhani kwamba kipenyo cha kasiba ni jambo la upana wa tundu tu, wala haoni taabu kusadiki habari azisikiazo siku hizi, kwamba kuna bastola ambayo mwenyewe huing'oa mtutu akaitia mwingine, ikawa inapiga risasi ya aina nyingine kabisa. Habari hizo ni za kweli. Illa ukweli wake una masharti, na ni juu ya masharti hayo ndipo ninapotaka kusema.

Bastola ya vipande si wazo la jana. Mwaka 1967 ilitoka huko Marekani bastola ya wawindaji na walenga shabaha iitwayo Thompson/Center Contender, ipigayo risasi moja tu kila inaposhindiliwa, ambayo mtutu wake hufunguka kwa pini moja na kubadilishwa kwa mwingine wa kipenyo kingine. Lakini zile zilizolieneza jambo hili ni bastola za magazini za kampuni ya SIG Sauer, yaani P250 iliyotoka mwaka 2007 na P320 iliyotoka mwaka 2014, ambayo jeshi la Marekani liliichagua mwezi Januari 2017. Ndani ya P320 mna kisanduku kidogo cha chuma, kinachoweza kufichika katika kiganja, kilichobeba kifyatulio na vyuma vyake vyote, na namba ya bastola imechongwa hapo. Kitako cha plastiki, mtutu, springi, magazini na lile gamba la juu linaloteleza nyuma na mbele kila risasi inapolia, vyote hivyo ni vitu vya kuondoa na kurudisha. Na kiwanda huuza vifurushi kamili kwa mtu atakaye kuhama kutoka kipenyo kimoja kwenda kingine.

Kwa nini kifurushi, wala si mtutu peke yake? Chukua risasi tatu uzisimamishe mezani. Ya kwanza ni ile ya milimita 9 iliyobuniwa na Mwaustria Georg Luger mwanzoni mwa karne ya ishirini, ambayo ndiyo imeenea zaidi duniani kwa bastola. Ya pili ni ya .40, iliyotolewa mwaka 1990 na kampuni za Smith & Wesson na Winchester, na kichwa chake kina upana wa milimita 10 na kidogo. Ya tatu, .357 SIG ya mwaka 1994, ina mabega: ganda lake ni pana chini, kisha hubanwa karibu na mdomo likashika kichwa cha milimita 9. Sasa zilaze zote tatu uzitazame kitakoni, pale penye fataki. Kitako cha ile ya kwanza kina upana wa milimita 10 hivi. Vitako vya zile mbili nyingine hukaribia milimita 10.8, navyo ni sawasawa, kwa kuwa ganda la .357 SIG lilitokana na ganda la .40. Tofauti hiyo ya milimita 0.8, ambayo jicho hulazimika kukazwa ndipo liione, ndiyo iamuayo kila kitu.

Maana risasi haikai ndani ya mtutu tu. Imeegemea uso wa lile gamba la juu, ambao umechongwa kwa kadiri ya kitako chake. Imeshikwa ukingoni na kulabu ndogo, kazi yake kulivuta ganda tupu na kulitupa nje. Imetoka katika magazini, ambayo midomo yake imekunjwa kwa kadiri ya unene wake. Na nguvu ya mshindo wake ndiyo ilisukumayo gamba nyuma dhidi ya springi iliyopimwa kwa mshindo huo. Kwa hiyo mwenye bastola ya .40, katika zile zilizotengenezwa kwa vipenyo vyote viwili, aghalabu aweza kuhamia .357 SIG kwa kubadili mtutu peke yake, kwa sababu vitako ni vimoja na hata magazini hiyo hiyo hufaa. Amma akitaka kuhamia milimita 9 kwa njia iliyo salama, hufuata kifurushi kizima alichokipima mwenye kiwanda. Na mtutu wa chapa nyingine, hata ukiingia pale na kukaa, si dalili ya kufaa: kukaa ni jambo moja, na kujifunga barabara wakati gesi inapovimba ni jambo jingine.

Hatari kubwa zaidi haitoki kwa risasi iliyo kubwa kuliko chemba, yaani tundu la mtutu linaloipokea, kwani hiyo hukataa kuingia na mambo yakaishia hapo. Hutoka kwa iliyo ndogo. Risasi ya milimita 9 ikitiwa kwa makosa katika mtutu wa .40 huzama na kulegea humo kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake, na pengine kulabu huishika kiasi cha kutosha pini ya kugongea kuifikia fataki. Hapo ganda, lililokosa ukuta wa kuliegemeza pembeni, hupasuka, gesi hutafuta njia ya kurudi, na kichwa chembamba hupita mtutuni bila kushikwa na mikato ya msokoto, kikaenda kisikotazamiwa. Mtu mwenye bastola moja na kipenyo kimoja hapati nafasi ya kukosea hivyo. Mwenye bastola moja na mitutu miwili huwa nayo kila anapofungua sanduku lake la risasi.

Nchi hii ilipata kuonja taabu ya vipenyo kwa namna iliyo kinyume. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, kombania nyingi za askari wa Kijerumani zilikuwa bado zina bunduki za mwaka 1871, zenye kipenyo cha milimita 11 na baruti yenye kutoa wingu la moshi, na chache tu zilikuwa na Mauser mpya ya milimita 7.9. Tanga, mwezi Novemba mwaka ule, Wajerumani waliteka kwa Waingereza mamia ya bunduki na malaki ya risasi, lakini risasi hizo za .303, ingawa kichwa chake kimepungua kwa cha Mauser kiasi kidogo tu, hazikuweza kutumika katika Mauser hata moja, kwa kuwa ganda lake lina ukingo uliotokeza na umbo lake ni jingine. Meli mbili zilizovunja mzingiro wa bahari, Rubens mwaka 1915 na Marie mwaka 1916, zilileta shehena ya silaha. Na risasi za Rubens zililowa maji ya chumvi, zikabidi zifunguliwe na kusafishwa. Tangu Waingereza walipoitwaa Kilosa mwezi Agosti 1916, na reli ya kati ikawa mikononi mwa adui za Wajerumani, jeshi la kamanda wao, Lettow-Vorbeck, lilirudi kusini likiishi kwa kile linachoteka. Na kwa kuwa halikuwa na njia ya kubadili mtutu ili uifuate risasi, lilibadili bunduki nzima: Novemba 1917 liliwashinda Wareno huko Ngomano, ng'ambo ya Ruvuma, likachukua bunduki zao, na baadaye likachukua tena za Waingereza. Siku lilipoweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, lilikabidhi bunduki 1,071, za Kiingereza na za Kireno. Lau askari wale wangekuwa na kasiba za kubadilisha, mkoba mmoja ungaliwaepusha na taabu ya miaka minne. Nami nakiri kwamba ustadi wa mafundi waliolitimiza jambo hilo ni wa kustahiwa.

Lakini kila bunduki katika zile 1,071 ilikuwa kitu kimoja, chenye namba moja na kipenyo kimoja, na karani aliyeihesabu hakuwa na shaka amehesabu nini. Bastola ya vipande imeuvunja umoja huo, na hapa ndipo sheria za dunia zinapohitilafiana. Huko Marekani, kwa sheria ya serikali kuu, silaha ni kile kipande chenye namba, na mtutu huuzwa kama vile kipuri chochote. Ujerumani imeshika njia nyingine: mtutu ni sehemu ya msingi ya silaha, na mwindaji mwenye bunduki ya Blaser R8, ambayo mitutu yake hubadilishwa kwa vipenyo vingi, hupaswa kuwa na kila mtutu katika daftari la silaha zake. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 juu ya silaha za moto huutaja mtutu miongoni mwa sehemu za silaha, na Umoja wa Ulaya uliamuru mwaka 2017 kwamba sehemu za msingi zote zitiwe alama, mtutu ukiwamo.

Mimi nasimama upande wa Wajerumani, wala si kwa kupenda ukali. Mtutu huacha alama zake juu ya kichwa cha risasi, mikato yake ikiandika humo mistari isomwayo na wataalamu wa polisi kwa darubini, ilhali namba iko katika kipande kingine kisichogusa kichwa hicho kabisa. Basi daftari lenye namba tu limekosa nusu ya ushahidi. Na katika wilaya ya Kilosa, ambako ugomvi wa wakulima na wafugaji uliwaua watu 38 katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni mwezi Desemba 2000, hakuna mtu mwenye akili timamu awezaye kuona kwamba kujua silaha ipi iko mikononi mwa nani ni kazi ya makaratasi tu. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 ilizitaka nchi zetu zitie alama kila silaha inapotengenezwa na inapoingizwa, na Tanzania ina sheria yake ya kudhibiti silaha na risasi, namba 2 ya mwaka 2015; mwaka uliofuata polisi waliwaita wenye silaha nchi nzima wazilete zihakikiwe. Zoezi kama hilo likirudiwa, ningependa ofisa aangalie mtutu, kisha atazame leseni imeandikwa risasi ya kipimo gani, na aulize kama uko mtutu wa pili nyumbani.

Kwa mwenye leseni, hadhari ya kufuata ni nyepesi. Asinunue mtutu wa kipenyo kingine kabla ya kuuliza kituo cha polisi kilichoiandikisha bastola yake, maana ruhusa ya risasi moja si ruhusa ya nyingine. Asiukubali mtutu usio na chapa ya kiwanda. Na kazi ya kubadili aiache kwa fundi mwenye idhini. Risasi za kila kipenyo azifungie mahali pake mbali na za kipenyo kingine, na kamwe asibebe za aina mbili katika mfuko mmoja. Kipenyo kimeandikwa katika vitu viwili: kitakoni mwa risasi, kuizunguka fataki, na juu ya mtutu, pale unapoonekana katika dirisha la kutolea maganda. Maandishi hayo mawili na yasomwe, moja baada ya jingine, magazini ikiwa bado iko nje.