Fankisheni Ikae Wapi

Mhandisi anayeiga mtandao wa mabomba ya maji kwa MATLAB lazima akokotoe mgawo wa msuguano. Anaandika mistari michache ndani ya skripti, majibu yanatoka, kazi inaendelea. Mradi wa pili ukija anainakili mistari ileile, na wa tatu vivyo hivyo. Haupiti muda mrefu kabla hesabu moja haijasambaa katika faili kadhaa, kila nakala imeguswaguswa na mtu wake.

Hasara yake huonekana katika namba. Wengi hutumia kanuni ya Swamee na Jain ya 1976, kwa kuwa hutoa mgawo huo kwa hatua moja, wakati mlinganyo wa Colebrook hudai kurudiarudia hesabu. Lakini kanuni hiyo imekusudiwa mtiririko wa msukosuko, namba ya Reynolds ikiwa 5,000 au zaidi. Usiku matumizi ya maji yakipungua, mtiririko katika bomba dogo unaweza kutulia kabisa, na hapo jibu sahihi ni 64 kugawanya kwa namba ya Reynolds. Kwa bomba laini na namba ya Reynolds 2,000, mgawo sahihi ni 0.032, ilhali kanuni ya msukosuko hutoa 0.051. Kwa 500 inakosea upande wa pili: 0.090 badala ya 0.128. Kompyuta hailalamiki. Atakayegundua kosa atasahihisha nakala iliyo mbele yake, na nyingine zitaendelea kukosea kimyakimya.

Kwa hiyo hesabu hiyo inastahili kuwa fankisheni, tena iwe mahali pamoja. Skripti hutumia vigeu vya eneo la kazi inamoitwa, hivyo kigeu cha skripti moja kinaweza kufuta thamani ya nyingine bila mtu kujua. Fankisheni ina vigeu vyake yenyewe: hupokea inachopewa na kurudisha inachodaiwa.

Mahali unapoiweka ndipo panapoamua nani anaweza kuiita. Ikiwa chini ndani ya faili ya fankisheni nyingine, huonekana ndani ya faili hiyo tu. Tangu toleo R2016b hata skripti huruhusiwa kubeba fankisheni za aina hii. Ikiwa katika folda iitwayo private, huitwa na fankisheni zilizo katika folda iliyo juu yake moja kwa moja. Ikiwa na faili yake katika njia ya utafutaji ya MATLAB, kila mtu anaiona, na jina linalotumika kuiita ni la faili, hata kama ndani umeandika jingine.

Ushauri wangu ni kuanzia mahali finyu kabisa. Fankisheni ibaki ndani ya faili moja mpaka mtumiaji wa pili ajitokeze kweli; hapo ndipo ipewe faili yake. Anayetangaza kila kitu tangu siku ya kwanza hujifunga, kwa sababu hawezi tena kubadili mpangilio wa thamani ambazo fankisheni hupokea bila kuvunja kazi za wenzake.

Majina nayo yana vita vyake. Ukiwa na faili mbili zenye jina msuguano.m, iliyo katika folda ya sasa hushinda iliyo mbali katika njia ya utafutaji, na kigeu chenye jina hilo hushinda zote mbili. Amri which -all huorodhesha faili zote zenye jina moja. Itumie kabla ya kulaumu fizikia. Kinga nzuri zaidi ni folda yenye alama ya kujumlisha mwanzoni mwa jina lake, mfano +bomba, ambayo hulazimisha mwito kamili, bomba.msuguano. Katika njia ya utafutaji weka folda iliyobeba +bomba, wala si +bomba yenyewe.

Kando ya fankisheni weka faili ya majaribio inayoendeshwa na runtests, ikidai kwamba kwa namba ya Reynolds 500 jibu liwe 0.128 na kwa 2,000 liwe 0.032. Iendeshe kila mara mtu anapoigusa fankisheni, hata kama amebadilisha mstari mmoja tu.