Nyumba Mpya na Taa Zake

Nchi ya Buha, iliyo na miji ya Kasulu na Kibondo katika Mkoa wa Kigoma, ni nchi ya vilima na mabonde. Hapo zamani Waha wengi walikaa katika nyumba za msonge, zilizoezekwa kwa nyasi. Mwanga wa usiku ulikuwa moto wa kupikia, nao watu waliuzunguka. Baadaye zikaja taa za mafuta: kibatari chenye moshi mwingi, na taa ya chemli yenye kioo. Taa hizo huchukuliwa mkononi. Mama akitaka kupika huipeleka jikoni. Mtoto akitaka kusoma huiweka mezani. Ikiwekwa mahali pasipofaa, huondolewa tu.

Taa ya umeme sivyo ilivyo. Yenyewe hukaa darini, na njia yake imefichwa ndani ya ukuta. Kwa hiyo yampasa mwenye nyumba afikiri kwanza, maana akikosea, kosa lake halitengenezwi ila kwa nyundo na kwa fedha.

Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo ilipata umeme wake kutoka mitambo ya dizeli. Mwaka 2022 umeme wa gridi ya taifa ulifika huko kwa njia ya kituo cha Nyakanazi, mkoani Kagera. Gridi ni mtandao mkubwa wa nyaya, unaokusanya umeme wa mitambo mingi ya nchi na kuugawa. Tangu hapo, mtu ajengaye nyumba ya tofali za kuchoma na bati ana sababu kubwa ya kuzifikiria taa zake tangu anapochimba msingi.

Jambo la kwanza la kufikiri ni kivuli. Watu wengi husema, "Weka taa katikati ya dari, yatosha." Sebuleni huenda ikatosha. Lakini jikoni meza ya kukatia mboga huwa imeegemea ukuta. Mpishi akisimama mbele yake, taa ya katikati huwa nyuma ya mgongo wake, na kivuli chake huangukia kisu na vidole. Taa ya jikoni yafaa iwe juu ya meza hiyo. Vivyo hivyo mwanafunzi anayeandika kwa mkono wa kuume ataka mwanga utoke upande wa kushoto, ili mkono usitie giza daftari.

Jambo hili hujaribiwa kwa urahisi. Kabla dari haijapigiliwa, mtu mmoja na aingie chumbani usiku na tochi iliyofungwa kwenye ufito, aiinue mpaka mahali pa taa. Mwingine na asimame mahali pa kazi, atazame kivuli kinaangukia wapi. Hapo kosa laonekana bila gharama yo yote.

Tena, mwanga hupungua upesi kwa umbali. Taa iliyo mita 1 juu ya kitabu ikiinuliwa hata mita 2, kitabu hakipati nusu ya mwanga wa kwanza, bali robo yake. Kwa hiyo dari ndefu yataka taa yenye nguvu zaidi. Dari nyeupe hurudisha mwanga chini. Dari iliyojaa masizi huumeza.

Gharama nayo yahesabika. Balbu ya zamani yenye uzi wa moto hutumia wati 60. Balbu ya LED hutoa mwanga wa kadiri hiyo kwa wati 9 hivi. Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 kwa saa moja. Basi kwa uniti moja balbu ya zamani huwaka saa 16 na kitu, na ya LED huwaka saa 111.

Jambo la pili ni njia ya umeme. Katika nyumba za Tanzania umeme huja kwa nguvu ya volti 230, nayo yatosha kuua mtu. Taa hupata nyaya tatu. Wa kwanza, mwekundu au wa kahawia, huleta umeme. Wa pili, mweusi au wa buluu, huurudisha. Wa tatu, wa kijani na manjano, huitwa waya wa ardhi. Swichi lazima ikate ule waya unaoleta. Fundi mjinga akikata ule unaorudisha, taa itazimika vile vile, na mwenye nyumba atafurahi; lakini pale juu umeme ungali upo. Siku atakapopanda ngazi kubadili balbu, akidhani ni salama, atashika mauti.

Huenda ndugu wawili wakajenga juu ya kilima kimoja. Mkubwa ana haraka. Apiga lipu, apigilia dari, apaka rangi, ndipo amwita mtu wa kutia taa, tena mwenye bei ndogo. Mtu huyo hachimbi ukuta ulio tayari. Alaza nyaya tupu juu ya mbao za kenchi, pasipo bomba, na viungo avifunga kwa karatasi ya nailoni. Mdogo achora kwanza ramani ya nyumba, atia alama ya kila taa, kila swichi na kila soketi. Ukuta ukisha simama, fundi achimba mifereji na kutia mabomba ya plastiki kabla ya lipu. Na juu ya kenchi afunga mabomba kabla ya dari. Nyaya za taa ni za milimita 1.5 za mraba, na za soketi ni za 2.5, kila kundi na swichi yake ya kujikata umeme uzidipo.

Usiku wa kwanza nyumba zote mbili zang'aa sawasawa. Apitaye njiani hawezi kujua tofauti. Lakini panya hupenda darini, na meno yake hayajui waya. Katika nyumba ya mkubwa panya atafuna ngozi ya waya. Mvua zikaja, bati likavuja, na shaba tupu ikagusa bati lililolowa. Bati zima laingia umeme, wala hakuna ajuaye. Basi mtoto akianika nguo mbichi kwenye waya wa chuma uliofungwa katika bati hilo, umeme hupita mwilini mwake kwenda ardhini. Katika nyumba ya mdogo panya hukuta bomba gumu. Na hata umeme ukivuja, kifaa cha kinga kilicho karibu na mita huukata mara moja, kabla haujadhuru moyo wa mtu.

Jambo la tatu ni waya wa ardhi. Huo huunganishwa na fimbo ya shaba iliyopigiliwa ndani ya udongo, ili umeme uliopotea upate njia rahisi kuliko mwili wa mtu. Fimbo yataka udongo wenye unyevu, kwa kuwa udongo mkavu wa kiangazi haupitishi umeme vizuri. Lakini mtu asidanganyike: waya huo si kinga ya radi. Buha ni nchi ya radi nyingi wakati wa masika. Ngurumo zikianza, yafaa kuchomoa vyombo vyote katika soketi.

Kwa sababu hizo sheria haimruhusu kila mtu kutia umeme. Fundi hupewa leseni na EWURA, na TANESCO haileti umeme na mita ya LUKU mpaka kazi ya nyaya imekwisha na kukaguliwa. Wengine huona ukaguzi ni usumbufu. Lakini mkaguzi huyaona yale ambayo lipu itayaficha kwa miaka 30.

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Rangi ya mlango na bati jipya husifiwa na wageni. Waya ulio ndani ya ukuta hausifiwi na mtu. Lakini juu yake watoto wa nyumba ile hulala kila usiku kwa amani, au kwa hatari.

Maswali

1. Taa ya umeme ina tofauti gani na taa ya chemli?
2. Kwa nini taa ya jikoni haifai kuwa nyuma ya mpishi?
3. Taa imezimika, lakini ingali yaweza kuua. Eleza sababu.
4. Chora ramani ya nyumba yenye vyumba vitatu, utie alama za taa na swichi.