Programu Inapokataa Kuwaka

Leo tutazungumza juu ya Spring Boot, chombo cha kutengenezea programu za intaneti kwa lugha ya Java. Wengine huacha masomo siku ya kwanza, wakidhani hawana akili, kumbe programu imekataa kuwaka tu. Usifute kila kitu. Kompyuta imekwisha kukuandikia sababu, isome polepole.

Kwanza, tazama Java yako ni ya namba gani. Andika: java -version. Spring Boot 3, iliyotoka mwaka 2022, hutaka Java 17 au zaidi. Ukiwa na Java 8, haiwaki.

Pili, je, maandishi yanataja 8080? Hiyo ni namba ya mlango wa programu. Programu mbili hazikai mlango mmoja. Funga ile ya kwanza. Au katika faili la application.properties andika: server.port=8081, kisha tumia namba hiyo katika anwani.

Rekebisha jambo moja, ujaribu. Ukibadili mawili pamoja, hutajua lipi lilikuwa dawa.

Swali: Java 11 itawasha Spring Boot 3? Jibu daftarini. Kwa heri.