Kipimo na Sababu Yake

Vitruvius, mjenzi na mhandisi wa Kirumi aliyeishi kabla ya kuzaliwa Kristo, aliwaonya wenzake wasijengee mchanga wa baharini kama wanaweza kupata mwingine. Hakuishia kwenye onyo. Alieleza kwamba ukuta wenye mchanga huo huchelewa kukauka, kwamba hauwezi kubebeshwa mzigo bila kupumzishwa, na kwamba baadaye chumvi hutoka na kuibandua lipu. Kisha akatoa vipimo: mchanga wa kuchimbwa, sehemu tatu kwa moja ya chokaa, mchanga wa mtoni au wa baharini, sehemu mbili kwa moja. Hayo yamo katika kitabu cha pili kati ya vitabu vyake kumi vya ujenzi alivyomtungia Kaisari Augusto. Ukipita leo Bagamoyo au Tanga ukaona ukuta umetoa unga mweupe, na lipu inameguka ukiigusa kwa kidole, jambo lile lile aliloliandika liko mbele yako.

Vitruvius hakuijua nondo wala saruji ya kiwandani. Onyo lake bado linatufaa kwa kuwa alimtaja adui kwa jina: chumvi. Chumvi iliyoingia ndani ya zege huishambulia nondo. Nondo ikishika kutu hufura, maana kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, na zege lililoizunguka hupasuka kutoka ndani. Anayelijua hilo ataelewa pia kwamba maji ya kisima cha chumvi hayafai kuchanganyia zege la nguzo, hata kama kitabu alichosoma hakikutaja visima. Aliyekariri tu kwamba mchanga wa bahari ni mbaya ataukwepa mchanga, kisha achote maji ya chumvi.

Hivyo ndivyo ninavyokipima kitabu chochote cha mwongozo, kiwe cha ujenzi, cha biashara au cha shughuli za muda wa mapumziko. Navipenda vitabu hivi na naona tunavipa heshima ndogo mno. Humfikishia mtu aliye peke yake, asiye na mwalimu jirani, maarifa ambayo wengine waliyanunua kwa hasara. Ila havilingani. Kinachotoa kipimo bila kusema kimetoka wapi kitamfaa msomaji mradi hali yake ifanane na ya mwandishi. Kinachotaja sababu kitamfaa hata mahali ambako mwandishi hakuwahi kufika.

Tuanze na zege, maana humo ndimo fedha nyingi za familia zetu zinamozama. Aliyewahi kujenga amesikia "moja, mbili, nne": saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Uwiano huo umo vitabuni na umo vinywani mwa mafundi. Swali ambalo vitabu vichache hulijibu ni moja ya nini. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo mchanga wake ni lita 70 na kokoto zake lita 140. Toroli halipimi lita 35. Asubuhi hujazwa likafanya kilima, mchana husawazishwa, jioni kibarua aliyechoka hulisukuma likiwa pungufu, na katika jamvi moja unapata zege la aina tatu. Mwongozo mzuri utakuambia utengeneze sanduku la mbao lisilo na kitako, lenye nafasi ya ndani ya sentimita 40 kwa 35 kwa 25. Zidisha utaona: ni lita 35 kamili. Masanduku mawili ya mchanga, manne ya kokoto, mfuko mmoja wa saruji. Unalijaza, unalisawazisha kwa ubao, unalinyanyua, mzigo unabaki chini. Seremala hulitengeneza kwa mabaki ya mbao, na ubishi wa toroli unaishia hapo.

Kinachoharibu kazi zaidi ni maji. Mwaka 1918 Duff Abrams, aliyekuwa akifanya utafiti Chicago, alichapisha matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba nguvu ya zege hutegemea uwiano wa maji na saruji: maji yakizidi, nguvu inashuka. Saruji yenyewe huhitaji takriban robo ya uzito wake wa maji ili ifanye kazi yake ya kushika. Yanayozidi hapo ni ya kumrahisishia fundi kuchanganya na kumwaga, na baadaye hukauka yakaacha vitundu vidogo visivyohesabika. Kwa kazi za kawaida lita 25 hadi 30 kwa mfuko zinatosha, na katika hizo umo unyevu uliokuja na mchanga ulionyeshewa usiku. Sasa fikiria saa kumi jioni: zege limeanza kuwa zito, na mtu ananyanyua ndoo ili liteleze. Mwenye nyumba aliyekariri namba atagomba tu. Aliyeelewa sababu ataona kwamba tatizo lilianza pale walipochanganya mifuko mingi kwa mpigo, zege likakaa juani kabla halijafika kwenye nguzo, na ataagiza lichanganywe kidogo kidogo. Ataelewa pia kwa nini zege lililokwisha kumwagwa linamwagiliwa angalau wiki nzima. Haliwi gumu kwa kukauka. Huwa gumu kwa maji kushikana na saruji, na kazi hiyo huendelea muda mrefu, ndiyo maana wahandisi hupima nguvu yake baada ya siku 28. Likikaushwa mapema na jua la Dodoma, nguvu ambayo ingekuja haiji tena.

Kipimo kingine ninachokipenda ni cha ngazi. Mfaransa François Blondel, katika mafunzo yake ya usanifu aliyoanza kuyachapisha mwaka 1675, alianza na mguu wa mtu. Hatua ya mtu anayetembea tambarare aliiweka kwenye sentimita 65 kwa vipimo vyetu vya leo, na akasema kila kimo unachopanda hukupunguzia hatua kwa mara mbili ya kimo hicho. Kwa hiyo chukua kimo cha kidato mara mbili, ongeza upana wa mahali pa kukanyagia, jumla iwe hatua moja. Siku hizi wengi hutumia sentimita 60 hadi 64. Nyumba yenye mita 3 kutoka sakafu hadi sakafu ikipewa vidato 17, kila kimoja hupanda sentimita 17.6, ukiweka pa kukanyagia sentimita 27, jumla ni 62 na kitu, na mzee atapanda bila kutweta. Ukishajua kwamba hesabu hii ni ya mguu, utaona kwa nini vidato vyote lazima vilingane. Mguu hujifunza kimo kwenye kidato cha kwanza na cha pili, kisha hauangalii tena. Katika nyumba zetu kosa huwa kwenye kidato cha chini kabisa: ngazi ilimwagwa mapema, vigae vya sakafu vikaja baadaye na kuila sentimita tatu au nne, na wageni hujikwaa hapo hapo kila wakija.

Namba zisizo na sababu ndizo zinazotuletea nyumba zisizokalika. Mwaka 1936 Ernst Neufert, aliyesoma katika shule ya Bauhaus na kufanya kazi na msanifu Walter Gropius, alichapisha Berlin kitabu cha vipimo vya usanifu ambacho mpaka leo kipo mezani katika ofisi nyingi za wasanifu duniani. Mtu aliyechorwa humo ana kimo cha sentimita 175, na jikoni mwake kazi nyingi hufanywa kwa kusimama mbele ya meza. Hayumo mama anayekuna nazi akiwa ameketi juu ya mbuzi, wala mpishi wa shughuli anayezunguka sufuria la pilau juu ya mafiga uani. Kitabu bado ni hazina kwa anayefuata njia yake: mpime mtu akiwa kazini, pima chombo chake, pima nafasi anayoihitaji ili ageuke na ainuke. Fanya hivyo kwa mkuna nazi, utapata vipimo ambavyo Neufert hakuviandika, na jiko litakalotumika badala ya kugeuzwa stoo.

Jua nalo lina habari hiyo hiyo. Vitabu vya Ulaya hushauri madirisha makubwa yatazame kusini, kwa kuwa huko jua la baridi hukaa upande huo na watu wanalitamani. Dar es Salaam jua hupita karibu na utosini, na joto kali huingia asubuhi upande wa mashariki na alasiri upande wa magharibi. Basi kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, magharibi paachwe pafupi na pafungwe, na madirisha yafunguke kupokea upepo wa kaskazi na wa kusi. Ushauri umegeuka, sababu ni ile ile: fuatilia jua linakopita kwako.

Wanaofuga nyuki, baadhi yao kwa kuanzia na mizinga miwili mitatu nyuma ya nyumba wakiwa wastaafu, wanalijua hili kwa ukali zaidi. Mchungaji wa Marekani, Lorenzo Langstroth, alichapisha mwaka 1853 mwongozo uliobadilisha ufugaji kwa jambo moja aliloligundua: nyuki wakiachiwa upenyo wa milimita 6 hadi 9 huuacha wazi kama njia, ukiwa mdogo zaidi huuziba kwa gundi yao, ukizidi hujenga sega ndani yake. Sasa njoo kwenye mzinga wa Kenya, ule wenye mbao nyembamba zilizopangwa juu ambapo nyuki hutundika masega. Kwa nyuki wetu wa Afrika kila ubao una upana wa milimita 32. Mwongozo wa Ulaya utakuandikia 35, kwa kuwa nyuki wa huko ni wakubwa kidogo na masega yao yameachana zaidi. Milimita tatu zinaonekana si kitu, lakini kufikia ubao wa kumi zimekuwa thelathini, karibu nafasi ya sega zima. Nyuki hufuata nafasi yao wenyewe, masega yanavuka kutoka ubao mmoja hadi mwingine, na siku ya kuvuna ukinyanyua mmoja unararua matatu, asali inamwagika na nyuki wanakuvamia.

Kwa biashara nitakuwa mfupi, maana kitabu bora ni cha zamani. Mwaka 1494 Luca Pacioli, mtawa wa Kifransisko, alichapisha Venisi kitabu cha hisabati chenye sehemu inayofundisha namna wafanyabiashara wa mji ule walivyotunza hesabu: daftari la kuandika kila kinachotokea, kitabu cha kupanga miamala kwa siku, na leja yenye pande mbili. Hakuibuni njia hiyo. Aliikusanya sokoni na kuiandika kwa Kiitaliano, lugha ambayo wenye maduka waliielewa, wakati wasomi wengi waliandika Kilatini. Anaanza na kuhesabu mali yote, na anataka kazi hiyo imalizike siku moja, ama sivyo mambo yatakuvuruga mbele ya safari. Mwenye duka la khanga Kariakoo anajua kwa nini. Ukihesabu rafu hii leo na ile kesho huku unaendelea kuuza, khanga moja itahesabiwa mara mbili na nyingine haitahesabiwa kabisa. Sura kama hizo hazizeeki. Sura za kodi na leseni huzeeka haraka, kwa kuwa sheria ya fedha hubadilika kila bajeti, kwa hiyo kwenye vitabu vya biashara tazama kwanza mwaka wa kuchapishwa, na mambo ya viwango vya kodi ukayaulize mamlaka yenyewe.

Kuna mwongozo mmoja ninaousubiri kwa hamu, na haujaandikwa kama ninavyoutaka. Ni wa kukarabati nyumba za mawe za pwani. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu mwaka uliofuata. Usam Ghaidan alichapisha utafiti wake kuhusu mji wa Lamu mwaka 1975, kazi nzuri, kwa Kiingereza. Fundi aliye juu ya jukwaa na ndoo ya chokaa hana cha kumsomea mwanafunzi wake. Matokeo yanaonekana mitaani. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuupumua kupitia lipu yake laini. Mwenye nyumba mwenye nia njema huipiga saruji nje ili iwe imara. Unyevu, ukiwa umezibiwa njia, hupanda juu zaidi ndani ya ukuta mpaka kwenye vichwa vya boriti za mikoko vilivyochomekwa humo, na boriti huanza kuoza mahali ambapo hakuna anayepaona. Boriti hizo ndizo zilizoamua umbo la nyumba nzima: vyumba ni virefu na vyembamba, mara nyingi chini ya mita tatu kwa upana, kwa kuwa hapo ndipo nguvu ya mkoko inapokomea.

Mafundi wanaojua kazi hii wapo Unguja, Lamu na Mombasa, na baadhi yao ni wazee. Kuwapiga picha wakiwa kazini hakutoshi, na kuandika vipimo vyao peke yake hakutoshi pia. Atakayekaa nao na daftari awaulize tanuri la chokaa hupangwaje na kuni zipi, na kwa nini hizo. Chokaa hulowekwa muda gani, na huharibika vipi ikitolewa mapema. Boriti hukatwa lini na hukaushwa kivulini au juani. Lipu ya kwanza hupigwapigwa mpaka lini, na mkono unajuaje kwamba imetosha. Maswali hayo yaulizwe kwa Kiswahili na majibu yachapwe kwa Kiswahili, yenye michoro, katika kitabu kidogo kinachoingia kwenye mfuko wa suruali ya kazi.